Kode ya Fabrike

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 6 mwezi wa saba. Sake.

Komite ya ndoa ya mutoto wangu imekaa kwetu. Wamekunywa chai yangu, wamekula fromage yangu, jibini safi ya Masisi, kisha wamenitukana. Mama Emérita, prezidante wa komite, amesema wazi mbele ya watu: gari ya kubeba bibi-arusi haiwezi kuwa na kiraka. Wote wakageuka kuangalia dirishani. Gari yangu, Karina, ilikuwa pale inje, kijani yote, isipokuwa mulango mumoja wa kijivu. Ule mulango ni kazi ya ngombe. Ngombe wa Mushaki, kwenye kona, mwaka jana. Yeye hakuumia hata kidogo! Jérémie wa garaji aliunyoosha akaupaka mastike ya kijivu ya kuziba, nikasema mambo ya rangi tutaona mbele. Sasa mbele imefika.

Shemeji Noël, kaka ya bibi yangu, akakohoa. Akasema kwa sauti ya huruma kwamba jeep yake iko, nyeupe, safi, kama familia itaona vema. Kama familia itaona vema! Miaka yote hii alikuwa anangoja kusema neno hilo. Komite ikaanza kupiga makofi. Nikasimama, nikaomba mpaka siku ya ine jioni. Mulango utakuwa na rangi ya wenzake, nikasema, rangi ya fabrike kabisa, kama siku gari ilizaliwa kule Japani. Mama Emérita akakubali. Siku ya ine anakuja kuangalia kwa macho yake. Akiona kiraka, Estelle anapanda jeep.

Estelle ni mutoto wangu wa kwanza. Siku ya posho, tarehe 11, anaolewa na Élie, kijana wa Buleusa, kule Walikale. Ile Karina njo ilimubeba ku masomo miaka yote, katikati ya fromage ninazoshusha toka milima ya Masisi. Wenzake walimuita Mademoiselle Fromage, naye alicheka tu. Nilimuahidi angali mudogo, meno ya mbele yametoka: siku ya ndoa yako, mimi njo shofere. Nikiwaza anashuka mbele ya kanisa toka jeep ya Noël, usingizi unakimbia. Si maneno ya kusema tu. Unakimbia kweli, nimekunywa maji ya moto.

Siku ya pili, tarehe 7.

Françoise, bibi yangu, mama ya Estelle, anasema jambo ni rahisi. Fungua kale kamulango kadogo ka kuwekea esanse, mafuta ya gari, peleka ku Goma, waangalie, wachanganye rangi ya kufanana. Basi. Nikamuambia kwa upole kwamba hiyo ni njia ya watu wa zamani. Kila gari inazaliwa na kode ya rangi. Herufi na namba, fabrike yenyewe imeandika. Unaitaja kode, mashini ya Goma inachanganya, hakuna kubahatisha. Akauliza kode iko wapi. Nikasema hilo ni swali dogo.

Nimetafuta asubuhi yote. Chini ya viti: njugu, rozari, kipande cha fromage cha mwaka gani sijui. Ku vioo: hakuna kitu. Mwisho nikaipata ku gurudumu! Herufi na namba, zimechongwa vizuri, muntu hawezi kuzifuta. Nikazituma kwa telefone ku duka la rangi, kwa Mama Bibiche wa Goma. Akajibu mbio: Papa Albert, hicho ni kipimo cha pneu, mupira wa gari. Nikamujibu najua, nilikuwa namupima.

Noël akapita wakati miguu yangu tu njo ilikuwa inje. Akauliza nafanya nini chini ya gari. Nikasema nasali.

Siku ya tatu, tarehe 8.

Ushindi! Kode iko!

Jérémie amefungua kapo, kile kifuniko cha mbele, akanionyesha ule ukuta wa bati nyuma ya motere. Pale kuna kibao kidogo, kimefunikwa na mafuta na moshi. Nikasugua na sabuni, na kisu, na muswaki wa zamani. Herufi zikatoka moja moja. Nilitaka kulia. Nikaiandika kode juu ya kiganja, maana karatasi inapotea na kiganja hakipotei. Jérémie akaanza kueleza kitu juu ya volani, ule usukani. Kwamba gari hii ilifika na volani ya kuume, watu wakaihamisha kushoto, na pengine siku ile wali… Sikungoja amalize. Mimi niko na kode, historia ya nini?

Nikapanda pikipiki ya kukodi mpaka Goma, nyuma ya shofere. Njia yote nimeshika mukono juu, jasho lisifute. Kupita kijiji cha Mubambiro askari wawili wakadhani nawasalimia, wakanisalimia na wao. Watu wazuri.

Mama Bibiche akauliza kama nimeleta mufano wa rangi. Nikaingiza mukono mu mufuko nitoe maandazi, nikashika nini? Kamulango ka esanse! Françoise alikaweka humo kwa siri. Aka, huyu mwanamuke! Mama Bibiche akauliza hicho kitu cha kijani ni nini. Nikasema ni sahani yangu. Nikaweka andazi juu yake, nikala polepole mbele ya macho yake, ili aamini. Akauliza tena kama niko na hakika. Nikamuonyesha kiganja. Alisema kwa mulango mumoja kakopo kadogo kanatosha. Nimechukua makopo makubwa, kwa heshima ya fabrike. Akataka kufungua moja niangalie rangi. Wapi! Vumbi ya kiangazi hii iingie mu rangi ya Japani? Nikakataa.

Nalala na raha leo. Noël anunue leso ya kupangusa machozi.

Siku ya ine, tarehe 9.

Jérémie alifungua kopo, akachovya kijiti. Akaniambia: Papa Albert, hii ni zambarau. Nikamuambia rangi ikiwa mbichi inadanganya. Ikikauka itarudi kijani. Akaniangalia sana. Nikamuambia apake.

Akapaka. Tukaketi kungojea. Ilipofika adhuhuri ilikuwa zambarau. Baada ya chakula ilikuwa zambarau, na inzi ndani yake. Zambarau ile ya Kwaresima, ile padri anavaa tukifunga. Nikaihamisha gari ku jua. Ikawa zambarau zaidi.

Njo Jérémie akamaliza habari yake ya volani. Walipoihamisha, walikata ule ukuta wa motere wa gari nyingine, gari iliyokufa, yenye volani ya kushoto, wakauchomelea ndani ya Karina yangu. Kibao kikaja pamoja na ukuta. Kode ni ya kweli, akasema, lakini ni ya marehemu.

Yesu Maria! Mama Emérita anakuja jioni! Kurudi Goma hakuna wakati tena. Françoise akafika, hakusema neno, akaniwekea kamulango ka esanse juu ya magoti. Nimeoa mwanamuke mukali kwa kunyamaza. Nikaona Estelle anashuka toka jeep, Noël anamushika mukono, watu wanapiga vigelegele, na mimi niko nyuma na mbuzi wa mahari.

Halafu akili ikaja. Komite haikusema kijani! Komite ilisema isiwe na kiraka. Mulango ukikataa kufanana na gari, gari ifanane na mulango! Makopo si yamebaki? Nikamuambia Jérémie apake yote. Akapaka, mimi nikifukuza vumbi na shuka la kitanda. Na kamulango ka esanse tumekapaka pia, kasiwe na kiburi.

Mama Emérita amekuja na taa ya telefone. Amezunguka gari, ameinama, ametafuta kiraka. Hakuna! Akasema tangu azaliwe hajaona muntu anaenda kuoa mu Kwaresima, lakini neno ni neno, kiraka hakuna. Noël alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema hii sasa ni gari ya askofu, rangi ya kofia yake. Nikamushukuru.

Kisha Estelle akatoka mu nyumba. Akaona. Akaweka mukono ku kinywa. Hapo njo niliogopa kweli, kuliko siku ya ngombe. Nikamuambia kama anataka jeep, sitakasirika. Uongo mutupu. Akafungua mulango, akaingiza kichwa ndani, akavuta pumzi. Akasema bado inanuka fromage, basi ni yenyewe.

Siku ya tano, tarehe 10.

Nimelinda gari na fagio tangu asubuhi. Malori ya Masisi yanapita, vumbi inakuja, mimi napepea. Rangi inakauka polepole. Kuku mweupe wa jirani amelala juu ya kapo, sasa si mweupe tena. Jirani analalamika. Nimemuambia ni rangi ya fabrike, wengine wanailipia.

Siku ya posho, tarehe 11.

Mungu ni mwema! Mungu ni mwema sana!

Noël, kwa kutaka watu wanicheke, alitangaza mu Sake yote kwamba gari ya askofu itakuja. Alisema hivyo ku soko, ku garaji, na hata kwa wakwe wetu walipofika toka Buleusa. Lakini wale ni wageni, hawakujua ni muzaha. Tulipotokea ku kona ya kanisa, wakwe wote wakasimama. Papa Samy, babu ya Élie, akatoa kofia, akapiga ishara ya musalaba. Wamama wakatandika vitenge vyao chini, gari ipite juu. Karina! Juu ya vitenge! Nyuma yetu jeep nyeupe ilikuwa inakula vumbi yetu, wakati huu ilikuwa ya kijivu.

Estelle alicheka mpaka shela ikaanguka. Upindo wa gauni umepata zambarau kidogo, Françoise ameshonea ua pale. Kabla ya kufika ku mulango wa kanisa, mutoto akaweka mukono juu ya bega langu.

"Papa, enda polepole," akasema. "Njia isiishe."

Nikaenda polepole, watembea kwa miguu wakatupita. Nililia. Françoise akaniuliza, nikasema ni vumbi.

Siku ya kwanza ya juma mupya, tarehe 13.

Nyumba iko kimya bila Estelle. Nimekunywa chai mu Karina.

Mchana Noël amekuja kwa miguu. Amegonga ngombe. Mushaki, kona ile ile. Nafikiri na ngombe ni yule yule, kwa namna alivyomueleza. Mulango wa jeep umebonyea, Jérémie ameupaka mastike, na Noël hajui atapata wapi nyeupe ya kufanana. Nilimuhurumia. Kweli kabisa, nimesahau yote. Shemeji ni shemeji.

Françoise alikuwa amekwisha kufungua kamulango ka esanse ka jeep, amemuwekea kaka yake mu mukono. Nikakachukua, nikakarudisha pahali pake. Nikamueleza Noël kwamba muntu wa leo anatumia kode ya fabrike. Kosa langu mimi lilikuwa volani tu. Jeep yake haijahamishwa volani, kwa hiyo hakuna hatari. Tukafungua kapo. Bahati mbaya, kibao chake kimeliwa na kutu, hakisomeki. Lakini kode yangu iko bado ku kiganja, haijatoka hata kwa sabuni! Na fabrike si ni ile ile ya Japani? Jeep yake ni nyeupe, mashini itaelewa yenyewe.

Nikamuandikia juu ya kiganja chake. Nikamuonya mambo mawili: asikubali kufungua kopo, na ashike mukono juu mpaka Goma. Françoise ameingia mu nyumba, amefunga mulango.

Shofere wa pikipiki anayemubeba Noël amepiga simu sasa hivi. Wamepita Mubambiro. Askari wamemusalimia vizuri.