Mkaguzi Mwenye Kilo Hasi

Wenzangu wa masomo ya jioni, nimeumbuka leo. Tena ndani ya suti ya kaunda, niliyoipiga pasi ya mkaa hadi mikunjo yake ingekata nyanya!

Mnajua ghala letu la korosho hapa Nachingwea limepata kompyuta. Programu ya kuandika uzito niliitunga mwenyewe nilipokuwa kozini Dar. Nikaja nayo, nikaitafsiri upya kwa kompaila ya mashine ya huku. (Kompaila ni mkalimani: mimi naandika, yeye anaieleza mashine kwa lugha yake.) Leo Ndugu Mkaguzi kaja kutoka Lindi kuamua kama mashine ibaki kwetu au ihamie Ruangwa. Karani wa Ruangwa naye kaja. Na blanketi la kuifungia!

Nikaanza kwa mbwembwe. Gunia la Naipingo, kilo themanini. Nachapa, kompyuta inaonyesha themanini. La Mnero, themanini na mbili. Sawasawa! Watu wakapiga makofi, nami nikainama kama waziri.

Sasa, desturi yetu mnaijua: mgeni akiona mzani wa magunia, hatoki bila kupanda. Ndugu Mkaguzi, mtu wa mwili (milango humpisha), akapanda. Mama Akwinata, mpimaji wetu, akasoma kwa sauti: "Mia na thelathini!" Nikachapa.

Kompyuta ikajibu: kilo hasi 126.

"Ndugu," nikasema (ulimi ulitangulia akili), "labda ulishika ukuta."

"Ukuta gani!" akanguruma. "Kwa hiyo mimi nikiingia, ghala linapaa?"

Wapagazi wakacheka hadi wakakalia magunia. Karani wa Ruangwa akakunjua blanketi. "Kaka, waya huu unachomolewaje?"

"Uguse tu," Mama Akwinata akamwambia, "tukupime na wewe!"

Jasho lilinitoka la kujaza pipa. Nikaomba nafasi kidogo. Kompaila, ukiiagiza, huacha maelezo ya kutafutia makosa: kila kisanduku cha namba ni cha aina gani, kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Nikayafungua. Uzito niliuweka kwenye kisanduku kidogo, kile cha kutunzia herufi moja tu (ubahili wa nafasi, nisameheni). Kompaila ya Dar ilikihesabu kuanzia sifuri hadi 255. Hii ya huku imetamka waziwazi: kuanzia hasi 128 hadi 127! Gunia halifiki huko. Mkaguzi kafika, kapitiliza, akaangukia upande wa pili, kwenye hasi.

Nikaongeza neno moja tu, kwamba kisanduku hiki hakina hasi. Nikatafsiri upya. Nikachapa tena huku nimefumba jicho moja.

Kilo 130!

Makofi yale nadhani waliyasikia Mbekenyera. Mama Akwinata alipiga vigelegele kama ameoza binti. Karani wa Ruangwa akatoka na blanketi lake begani, jua lile lote.

Ndugu Mkaguzi akatazama kioo cha kompyuta, akatazama tumbo. "Mashine inabaki," akatangaza. Kisha akaninong'oneza: "Lakini kijana, ile namba ya kwanza mke wangu angeipenda."

Basi ruksa kucheka. Ila mcheke mmesimama: mnamcheka mtu aliyemwongezea mkubwa kilo mia mbili hamsini na sita kwa neno moja, na bado akapewa mkono.