Mjane wa Mtu Aliye Hai

Jumatatu, 5 Septemba 1966

Barua kutoka makao makuu, Ulaya. Nimeifungua kwa furaha, nimeikunja kwa hasira. Bi. Hedvig, katibu wa mfuko wa wafadhili, anakuja Garissa Jumamosi na msafara wa malori. Amepewa kibali cha siku moja. Anataka kumwona "mjane Fatumo" kwa macho yake. Kwa macho yake! Miaka miwili mimi, Keynan Yarrow, Afisa wa Wafadhili wa shirika la haki za binadamu hapa Garissa, nawaandikia barua zinazoliza, na bado wanataka kuchungulia.

Kuna tatizo dogo. Fatumo si mjane. Mumewe Dekow alikwenda Griftu Novemba iliyopita kuuza ngamia, akakamatwa mnadani. Wakasema wanunuzi wake ni shifta, waasi wenye bunduki. Hajashtakiwa, hajahukumiwa, amefungiwa tu. Mara ya kwanza niliandika hivyo hivyo, ukweli mtupu. Wafadhili wakaleta nini? Furushi la makoti ya sufu. Garissa! Basi mwezi wa Juni nikamuua Dekow, kwenye karatasi tu, na mara hiyo ikaja cherehani. Iko kwangu kwa usalama. Amino, mke wangu, anaitumia kushonea mapazia ili isishike kutu.

Fatumo hajui lolote. Kila asubuhi anapita kuuliza kama shirika limemwandikia yule wakili wa Nairobi. Wakili yuko tayari kwenda mahakamani kudai Dekow aachiwe, anangoja neno la shirika. Namjibu bado kidogo. Watu hawana subira.

Jumanne, 6 Septemba

Ufumbuzi umepatikana. Mjane wa kwetu huvaa nyeupe miezi minne na siku kumi. Nilimuua Dekow Juni, kwa hiyo eda haijaisha. Na huyu Bi. Hedvig amesoma kitabu kizima kuhusu desturi zetu, ameuliza kwenye barua kama mama bado amevaa nyeupe. Atavaa!

Nimenunua kitambaa cheupe dukani kwa Shamso, kwa pesa zangu. Nimemwambia Amino akipeleke kwa Fatumo, amwambie avae Jumamosi, asieleze zaidi. Amino ameuliza kama jua limenipanda kichwani. Amekataa kukigusa. Nimekipeleka mwenyewe. Fatumo alikuwa ameteremka mtoni kuteka maji. Nikakiweka juu ya kitanda chake, nikamwambia jirani yake Lul kwamba kimetoka kwangu na kwamba nimepata barua. Kazi safi.

Jumatano, 7 Septemba

Balaa! Asubuhi nimesikia vilio. Nimekimbia hadi kwa Fatumo, nimekuta nusu ya mtaa wetu wa Iftin uani. Shamso amefunga duka. Sheikh amekwisha kuanza Yasin. Mbuzi ameshachinjwa kwa ajili ya sadaka ya marehemu. Nikauliza marehemu ni nani.

Marehemu ni Dekow. Mtu anayepokea barua za ng'ambo amepata barua, na siku hiyo hiyo kitandani pa Fatumo kimeonekana kitambaa cheupe. Wamejumlisha wenyewe. Mimi nimesema nini? Sijasema kitu!

Fatumo alikuwa sakafuni. Hakunilaumu. Aliniuliza tu amezikwa wapi. Akauliza tena. Nikasema Dekow hajafa, sijasikia kwamba amekufa, kitambaa ni cha pazia. Fatumo akainuka taratibu, akakikunja, akaniwekea mikononi.

Mwalimu Olow hakukosa nafasi. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi anayejiona ndiye peke yake anayejua Kiingereza katika mji huu. Akaniambia mbele ya watu kwamba sina haya. Mimi! Niliyetoa habari njema kwamba Dekow yu hai! Hakuna hata mmoja aliyenishukuru. Nyama ya sadaka niliila, maana haikufaa kuiacha.

Ijumaa, 9 Septemba

Olow ni hatari. Akija Jumamosi atataka kutafsiri. Baada ya sala nimemwambia mgeni anafika Jumapili. Ameitikia. Moja tayari.

Kisha mazoezi na Fatumo. Nimemweleza: atazame chini, ashushe pumzi, mimi nitasema yaliyobaki. Hina marufuku. Udi marufuku. Avae guntino, lile vazi lake la kufunga begani, ile iliyochanika. Akaniuliza apike nini. Nikamwambia asipike chochote, mgeni akute jiko limepoa. Amenitazama kama nimemwambia atoke barabarani bila nguo. Akaniuliza iwapo nataka mgeni aliyevuka jangwa lote kwa ajili ya Dekow aingie nyumbani kwa Dekow na atoke na njaa. Nimemjibu ndiyo, hasa. Akatikisa kichwa polepole. Nimechukulia amekubali.

Jumamosi, 10 Septemba

Lazima niandike yote.

Msafara umefika saa nne. Bi. Hedvig ni mrefu, mwekundu kwa jua, na daftari. Amepewa askari mmoja wa bara wa kumlinda. Nimewaongoza kwa Fatumo nikiwa nimeinamisha kichwa, kama mtu anayeingia matangani.

Moshi wa uunsi, udi wa kwetu, ulitupokea mlangoni. Ndani, zulia la Lul. Vikombe vya Shamso. Mito ya kuegemea imekusanywa mtaa mzima. Katikati sinia la wali, na juu yake mbuzi wa mwisho wa Fatumo, yule aliyekuwa akiwapa watoto maziwa. Na Fatumo mwenyewe! Hina hadi vifundo vya mikono. Kichwani shaash nyekundu ya hariri, ile ya mwanamke mwenye mume. Nilitaka ardhi inimeze.

Bi. Hedvig akauliza mume amefariki tangu lini. Nikatafsiri: anauliza mumeo ameondoka tangu lini. Fatumo akasema miezi kumi. Nikasema mitatu. Bi. Hedvig akaandika, kisha akaitazama ile hina kwa muda mrefu. Akauliza kama wajane hapa hupaka hina wakiwa edani. Nikamwambia wa kisasa hupaka. Akasema kitabu chake hakisemi hivyo. Nikamwambia kitabu chake ni cha zamani.

Hapo akaingia Olow. Bila hodi! Vumbi la malori ishirini huonekana mji mzima, anasema. Akaketi, akala matonge mawili, akasikiliza tafsiri yangu. Kisha akamweleza Fatumo kwa Kisomali kile nilichokuwa nikimwambia mgeni. Neno kwa neno. Huo ni uadui wa wazi.

Fatumo aliweka chini kikombe. Hakunitazama mimi wala Olow. Alimgeukia askari pale mlangoni, akamsemesha Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe ambia huyu mama. Bwana yangu iko hai. Iko jela miezi kumi, hakuna kesi. Chakula mimi nabika mwenyewe. Mimi nataka bwana yangu tu."

Yule askari akavua kofia, akayasema yote kwa Kiingereza. Nani alimwomba? Kazi yake ni bunduki!

Bi. Hedvig alikula mpaka sinia likaisha. Ndipo akaniita kando ya lori. Amesema shirika liko tayari kumwandikia wakili. Lakini wakili hawezi kwenda mahakamani kudai kuachiwa kwa mtu ambaye karatasi za shirika lenyewe zinasema amekufa. Serikali itazichukua hizo hizo na kesi itakwisha siku hiyo. Anataka sentensi moja, kwa mkono wa aliyeandika zile barua: Dekow yu hai, niliandika uongo. Ameipiga chapa mwenyewe, ameacha mstari wa sahihi. Ikitoka na msafara wa Jumamosi ijayo, wakili ataingia mahakamani kabla mwezi haujaisha. Isipofika, faili linafungwa.

Sentensi moja! Kwa mwandishi kama mimi! Na neno "uongo" ndani yake!

Jumatano, 14 Septemba

Sijatia sahihi. Kila mtu ana maoni. Olow amekuja kujitolea atie yeye, nimemkumbusha kwamba umetakiwa mkono wa aliyeandika, si wa kila mpita njia. Amino amesema nitie sahihi nilale usingizi. Nimemuuliza kama yuko tayari kurudisha cherehani. Amesema ndiyo, hata leo. Mwanamke huyu hanijui.

Fatumo amekuja na kibuyu cha maziwa, sijui ameyatoa wapi. Ameketi. Hakuzungumzia kitambaa, hakuzungumzia barua. Amesema watoto wameanza kuuliza baba yao alikuwa na sura gani, na mdogo anajibiwa na wenzake uongo. Nikamwahidi kwamba Jumamosi karatasi itaondoka. Akaniombea dua, mimi na wazee wangu.

Lakini nikitia sahihi, nani ataniamini tena Ulaya? Na wasiponiamini mimi, nani atawatetea watu hawa?

Jumamosi, 17 Septemba

Nimepata! Nimeamka na jibu kamili, sijui kwa nini sikulifikiria mapema.

Pacha!

Kulikuwa na akina Dekow wawili, waliozaliwa tumbo moja. Mmoja alifariki Juni, kama nilivyoripoti kwa uaminifu. Mwingine yuko kizuizini, na huyo ndiye wa wakili. Hakuna aliyedanganya. Hakuna sahihi ya aibu. Na wafadhili wanapata misiba miwili badala ya mmoja. Ile sentensi ya Bi. Hedvig nimeipasua. Badala yake nimeandika kurasa kumi na moja, na machozi yalinitoka mwenyewe kwenye ukurasa wa saba. Nikazitia kwenye bahasha, nikaigundisha, nikavaa viatu.

Amino, bila kuinua macho, akaniuliza huyu pacha aliyefariki ana mke gani, maana Fatumo ameshakuwa mke wa aliye hai. Swali la kijinga, lakini wafadhili huuliza maswali ya namna hiyo. Nimefungua bahasha. Nimempa marehemu mke, na watoto sita, mmoja haoni. Niliposikia malori yakinguruma nilikuwa ukurasa wa kumi na nne. Nilipofika barabarani palibaki vumbi.

Kelele za bure! Msafara mwingine upo baada ya wiki mbili. Bi. Hedvig alisema Jumamosi hii, lakini watu wa ofisi husema tu. Kufikia hapo nitakuwa nimeongeza mama mzee, maana barua bila mama mzee haina nguvu.

Nimerudi nimemkuta Fatumo mlangoni kwangu, amesimama na kanga ya safari, kana kwamba wakili anakuja leo. Ameniuliza kama karatasi imeondoka. Nimemwambia imeondoka. Amelia kwa furaha, akamkumbatia Amino. Amino amejitoa mikononi mwake, ameingia ndani. Sijui ana nini. Watu lazima wapewe matumaini, na hiyo ndiyo kazi ya shirika letu.