Asubuhi Virginie Alipokimbiza Avenue

Redio ya maman Cibalonza, pale Kadutu anapouza chai na beignets, ilikuwa imesema sasa hivi: anayeanza sport akijiamini ataendelea, mwenye mashaka ataacha upesi.

"Mumesikia?" Benoît akaruka. Wanamwita Ministre ya Sport, maana anavaa nguo ya training tangu sikukuu ya Bonne Année, na bado haijaonja jasho. "Miye najiamini sana!"

"Njo maana haukimbiake," Zagabe akamkata. Huyo ni Avocat, ingawa hajamtetea mutu hata siku moja. "Unajiamini mupaka mwili unaona kazi imeisha."

Benchi nzima ikacheka, isipokuwa Virginie mushonaji. Munganga wa hospitali alimwambia tension ya damu yake iko juu, akimbie kidogo kila asubuhi. Leo alikuwa amethubutu.

"Maman Virginie," Avocat akamgeukia, "tulikukosea nini?"

Virginie akatamani ardhi imumeze. Alfajiri ile alikuwa ametelemka mbio, kitenge kiunoni, kimya. Na hapa kwetu, tangu vita, mama mutu muzima akikimbia, hakuna anayeuliza. Tunakimbia kwanza, habari tutapata mbele. Avenue nzima ilitoka na magodoro, masufuria, mbuzi.

"Miye nilibeba mutoto wa jirani," maman Cibalonza akasema. "Wangu nilimusahau ku kitanda!"

"Na Ministre alianguka mbele ya kanisa la paroisse, godoro juu yake," Avocat akaongeza. "Tulifikiri amekufa!"

"Nilikuwa napumzika," Benoît akasema.

"Naacha," Virginie akanong'ona. "Batu banacheka. Siwezi."

"Acha tu," Benoît akasema. "Sport ni ya wenye kujiamini."

Maman Cibalonza akaweka birika chini. "Nyamaza, Ministre. Virginie, weye ulisimama wapi?"

"Sikusimama. Niliona batu nyuma yangu, nikasema banajua kitu miye sijui. Nikaongeza mbio. Nikajikuta mbali kule Nyawera."

"Nyawera?" Avocat akashusha kikombe. "Bila kupumzika?"

Virginie mwenyewe akashangaa. Juma lililopita, kupanda tu kwenda misa alikaa njiani mara mbili. Akanyoosha mugongo, akafunga kitenge vizuri.

"Kesho nitapita tena. Mubaki na magodoro yenu ndani."

"Ngoja!" Benoît akalia. "Na siku risasi italia kweli, tutajua namna gani kama hauko ku sport?"

Virginie alikuwa ameshaanza kuondoka.

"Siku hiyo hautaniona, tonton. Utaona vumbi tu."