Kamshafti Haina Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nabwire bado yuko mtaa wa Olympic kwa kaka yake Austin. Nimepiga simu. Hapokei. Siku aliyoondoka alisema amechoka na mume wa mipango, na kwamba atarudi siku atakayoniona nimemaliza jambo moja nililolianza. Moja tu! Kana kwamba sijawahi. Nimefikiria jioni yote nikitafuta mfano. Sijaukumbuka, lakini upo.

Hata hivyo kuna habari njema. Subaru ya Austin inahitaji belti mpya ya taimingi, ile yenye meno inayofanya injini izunguke juu na chini kwa pamoja. Anataka kuipeleka kwa Muia, Kawangware 46. Muia! Aliyenifukuza gerejini kwake kabla sijamaliza kujifunza, eti napiga kelele kuliko injini. Nimemwandikia Austin kwamba kwangu kazi hiyo ni rahisi kama kunywa maji. Nikiimaliza mbele ya ukoo mzima, Nabwire atasema nini?

Jumanne, 4 Machi

Amekubali. Alisema, "Sawa shem, but mathe anakuja Sato kuongelea hiyo story yenu. Gari iwe inatembea." Mama mkwe! Kutoka Funyula! Nikamwambia gari halitatembea, litaimba.

Nikaenda 46, nikajifanya napita tu. Muia hajui kunyamaza watu wakimtazama. Alikuwa na injini kama hiyo ikiwa wazi, akaanza kuhubiri. Kamshafti ndizo zinazofungua na kufunga valvu. Puli zake zina alama, na alama zisipokaa mahali pake, valvu zinagongwa na pistoni, hapo umeua injini. Tena iko kamshafti moja inayosukumwa na springi, ukiiachilia inaruka. Yeye huifunga kwa chuma alichojitengenezea. Nikamwomba aniazime. Alicheka mpaka mchomeleaji wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

Akae na chuma chake. Mimi Mungu alinipa mikono.

Alhamisi, 6 Machi

Gari liko Kisumu Ndogo nyuma ya kanisa, kati ya ukuta na omena ambazo Mercyline, muuza dagaa, huzianika. Njia ya kutokea ni moja tu, na nusu yake ni omena. Mercyline ni wa Funyula pia, na kila jambo ana maoni. Ameniambia tone la oili likigusa omena yake, nitaila yote.

Nimetoa rejeta, feni na vifuniko. Puli zina alama za kiwandani. Juu yake kuna alama nyeupe za fundi fulani wa zamani, na hazikubaliani na za kiwandani. Nikaongeza zangu, kwa rangi ya kucha ambayo Nabwire aliisahau. Nyekundu. Nitafuata hizo zangu, kwa kuwa fundi wake namjua.

Ijumaa, 7 Machi

Laana gani hii!

Mambo yalikuwa yamenyooka. Belti ya zamani nje, mpya ndani. Mkono wa kulia umeshika spana, spana imeshika ile kamshafti ya springi. Alama zangu zote zinaangaliana. Imebaki kuchomoa pini ya roli inayokaza belti, basi! Naipapasa pini kwa mkono wa kushoto. Ndipo nikamsikia Austin, "Mathe, pole pole, kuna maji hapo."

Amekuja siku moja mapema. Bila hata kupiga simu!

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawapishani mlangoni, hawatazamani usoni. Ni heshima, na mimi nikikosa yote, heshima sikosi. Nikazama chini ya boneti. Mama alikuwa anakuja kumsalimia Mercyline, hajui niko hapo. Nikasikia viatu. Nikaona leso upande wa pili wa gari. Nikafanya ambacho baba yangu na babu yangu wangefanya. Nikakimbia.

Spana ikaanguka. Nyuma yangu kamshafti ikaruka, TAK!

Naye aliponiona akajifunika leso, akakimbia. Njia ni moja! Mimi mbele, yeye nyuma, akipiga mayowe, "Usigeuke! Usigeuke, wewe!" Sikugeuka. Pia sikuona omena. Sasa iko kila mahali, na Mercyline ananitafuta.

Nilirudi kwa kunyata, nikairudisha kamshafti kwa kukadiria. Alama zinaangaliana, isipokuwa moja inayotazama kando kidogo, kama mtu anayeona haya. Muia husema uzungushe injini kwa mkono kabla ya kugusa ufunguo, na ikikwama usilazimishe. Nilizungusha. Ikakwama. Nikaona huo ni ugumu wa belti mpya.

Jumamosi, 8 Machi

Nabwire alikuja. Na begi lake! Mama mkwe alikaa nyumbani kwa Mercyline, nyuma ya pazia, kwa heshima.

Nikawasha.

Sauti ile sitaiandika. Austin alishika kichwa. Muia akaitwa, akafika upesi kuliko anavyofika kwa wateja wake. Akauliza kama nilizungusha kwa mkono. Nikasema ndiyo. Akauliza ilikuwaje. Nikasema kosa ni la mama mkwe, aliyekuja bila taarifa.

Pazia likatikisika.

Mercyline akatoka na ujumbe. Mama anasema kijana anayemkimbia mkwewe amelelewa vizuri, kwa hilo hana neno. Gari la mwanawe litatengenezwa. Anachotaka ni Wanzala, yaani mimi, aseme "nimeharibu" mbele ya watu, kisha achukue mkewe waende nyumbani. Mercyline akaongeza la kwake: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Wote wakanitazama. Nabwire alikuwa ameshika mkono mmoja wa begi, ule mwingine ameuachia upande wangu. Macho yake yaliniuma. Alitaka sana niseme.

Nikafungua mdomo. Nikaeleza kwamba kitaalamu injini haijaharibika, imetoka tu kwenye mpangilio, na nikipewa mpaka Jumanne...

Nabwire akaushika na ule mkono wa pili wa begi, akaenda zake.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba imepooza. Natamani hata kugombezwa. Muia amelivuta gari hadi 46, akipunga mkono njia nzima kama mgombea kura.

Nabwire ameniandikia: "Si lazima gari. Sema tu hilo neno, hata kwa simu. Nitakuja leo." Nimeusoma ujumbe huo mpaka macho yakauma. Maskini mke wangu! Neno ni kitu gani? Neno hata Muia anaweza kulisema. Yeye anastahili vitendo.

Kwa hivyo baada ya ibada nilizungumza na mzee Jeconia. Pikapu yake inalialia upande wa belti. Nikamweleza kwamba wiki hii nimeshinda kwenye kamshafti tu, na kwamba kwa sasa Kibera nzima hakuna aliyezishika kuliko mimi. Amenipa ufunguo.

Nikamjibu Nabwire asubiri kidogo, nimepata njia bora. Ameusoma. Hajajibu. Bila shaka ni furaha.