Kiti cha Bibi na Friza la Dada

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka kliniki nimeshindwa hoja, jambo ambalo halijanipata tangu mwaka wa pili wa chuo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mpole wa viatu vya raba, amenitaka nitafute zoezi la nyumbani linalonifaa mimi, si linalomfaa mwanariadha. Lisiwe zito. Lifanywe wakati wa ubaridi. Nipumzike kabla ya kuchoka, si baada. Amependekeza nikae kitini na kuinuka bila kushika popote. Nilimdai ushahidi. Akanitajia makala ambazo nilikwisha kuzisoma, na zote zinamuunga mkono. Hilo ndilo lililoniudhi.

Niandike hapa nisichokisema kwingine: nina ugonjwa ambao madaktari huuita MS. Walinzi wa mwili wangu wamegeuka wezi. Wanatafuna ganda la mishipa ya fahamu, na amri inayotoka kichwani hufika miguuni imechelewa, au haifiki. Nyumbani wanajua. Nje hajui mtu, wala hatajua. Jumamosi nitafundisha somo la majaribio mbele ya jopo la chuo. Saa nzima. Mada: namna ushahidi unavyopaswa kubadili fikra za mtu. Nikisimama saa nzima, kazi ya uhadhiri ni yangu. Nikianguka, nitakuwa mtu wa kuonewa huruma. Mhadhiri husimama. Hilo halina mjadala.

Jumanne, 4 Machi
Nyumba hii ina kiti kimoja tu kisichoyumba. Amekikalia bibi. Alivunjika nyonga mwaka jana, na mtaalamu yuleyule amempa zoezi lilelile. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba kijana mwenye mustakabali anastahili kutangulia. Akaniita mume wake, kama anavyoniita tangu nikiwa mchanga, akasema hajapata kuona mume wa kumnyang'anya mkewe kiti. Nilimkumbusha kuwa hoja haijibiwi kwa utani. "Haya," akasema, "kaa basi, tukuone ukiinuka."

Niliinuka, nikakaa. Nikainuka, nikakaa, kwa kasi na kwa mihemo. Kisha zamu yake. Aliinuka taratibu kama unga uliotiwa hamira, akasimama akitazama dirishani, akakaa bila kishindo. Akasema kazi ndiyo hiyo tu, nisiigeuze vita.

Nimeigeuza vita.

Jumatano, 5 Machi
Nilimvizia bibi alale mchana, nikakitwaa kiti. Jua lilikuwa limepiga bati tangu asubuhi na sebule imekuwa tanuri. Nilikusudia kuinuka mara mbili ya alizoinuka bibi. Macho yakaanza kuona ukungu. Miguu ikawa kama kamba iliyolowa. Dada, mkubwa wangu na mkali wangu, alinikuta sakafuni. Akauliza, "Profesa, umeanguka au unatafiti?" Nilimjibu kuwa natafiti.

Na kweli nilikuwa natafiti. Nikiwa chali nikagundua kosa la kimantiki: adui yangu si zoezi, ni joto. Mtaalamu alilisema hilo Jumatatu, lakini alilisema kama ushauri. Mimi nimelifikia kwa kufikiri. Ni vitu viwili tofauti.

Alhamisi, 6 Machi
Ukumbini kuna friza kubwa la kufunguliwa kwa juu. Ni la dada. Humo hugandisha juisi nyekundu katika vifuko, akawauzia wanafunzi wa shule ya jirani. Alipotoka kwenda sokoni nilisogeza kiti, nikainua mfuniko, nikafanya mazoezi kando ya ule ubaridi. Ajabu! Miguu ilitii. Nilijiona nimezaliwa upya. Nikaendelea hadi alipopiga hodi.

Vifuko vilikuwa vimelainika vyote. Dada hakupiga kelele. Angepiga ningepata nafuu. Aliuliza tu, kwa upole wa kutisha, kama watoto wa watu saa ya mapumziko atawapa falsafa wanyonye. Akaniamuru nijaze na kufunga vifuko vingine mwenyewe.

Kujaza niliweza. Kufunga, hapana. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi na fundo dogo la plastiki likanishinda. Nilikuwa nikijiandaa kulaumu ubora wa plastiki. Bibi akajikongoja, akaketi, akavichukua, akawa anafunga kimoja kimoja. Kisha akaniuliza naogopa nini hasa hiyo Jumamosi. Nikaanza kumfafanulia hadhi ya mhadhiri tangu zama za kale. Akasema, "Sikukuuliza hadhi, mume wangu. Nimeuliza woga."

Nimeshindwa hoja tena. Ni mara ya pili wiki hii.

Akafunga kifuko kingine, akasema kwamba alipotoka hospitali, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshika kumpeleka msalani, aliuchukia mkono wangu kuliko hata maumivu. Nilimwuliza aliuzoeaje. Akasema hakuuzoea, alibanwa haja. Akaongeza kwamba nina mkono baridi kama chura.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya mapumziko. Nimepumzika kwa kufikiri.

Bibi alishauri niwapigie simu chuoni niwaombe kiti. Nilikataa. Akasema basi nibebe chake. Nilikataa kwa heshima, nikamwonyesha kwamba anayeomba kiti kabla ya kufundisha amekwisha kujihukumu. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniomba nimletee maji.

Suluhisho nilikwisha kulipata. Kama mtu hawezi kwenda na friza, na aende na yaliyomo. Vifuko vya barafu kifuani, chini ya shati. Koti juu yake. Mwili baridi, miguu imara, siri salama. Dada hatajua vimepungua, amegandisha vingi. Nasikitika tu kwamba ugunduzi kama huu hautaandikwa popote ila humu.

Jumamosi, 8 Machi
Chumba cha jopo kina meza ya duara. Wote walikuwa wamekaa. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, alinikaribisha niketi. Pale kwao, akasema, somo hufundishwa watu wakiwa wameizunguka meza.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilisema mhadhiri husimama. Akauliza kwa nini. Laiti asingeuliza! Nilieleza. Nilisimama nikawatetea wote waliowahi kusimama, na nikiri kuwa nilikuwa mfasaha, ingawa mada yangu yenyewe nilikuwa sijaigusa. Katikati ya hoja ya tatu nilihisi umajimaji tumboni. Nikaendelea. Mzee mmoja wa jopo, mwenye ndevu, akasukuma kiti nyuma na kusema, "Jamani, kijana anavuja damu."

Nilitazama. Shati jeupe lilikuwa limelowa wekundu hadi kwenye mkanda. Nikasema ni juisi. Hakuna aliyeamini. Mmoja alikwisha kukimbilia sanduku la huduma ya kwanza. Ikanibidi nifungue koti na kuchomoa vifuko, kimoja baada ya kingine, na kuvipanga mezani.

Kisha Mwenyekiti akauliza, si kwa ukali, barafu ile ni ya nini.

Nilikuwa na uongo wa aina tatu ulio tayari. Lakini barafu sasa ilikuwa mezani, si kifuani, na miguu ilianza kukataa amri. Nikakaa. Nikasema nina MS, kwamba joto huninyang'anya miguu, kwamba nilitaka wanione nimesimama. Maneno machache kuliko yote niliyosema siku hiyo. Sikujua yangekuwa mafupi hivyo.

Hakuna aliyenishika bega. Mwenyekiti aliinuka, akawasha feni, akaigeuzia upande wangu. Akasema dakika zimebaki chache, nifundishe. Nilifundisha nimekaa, na shati limenigandama. Mzee wa ndevu alibisha mara mbili, nami nikambishia, na kwa muda nikasahau kama nina miguu. Mwishoni akauliza iwapo kifuko kile ambacho hakijapasuka kina mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi
Wamepiga simu. Kazi ni yangu. Dada alisema hongera, akaongeza kwamba bado ananidai vifuko. Mwenyekiti amenitengea chumba cha chini, chenye dirisha la upande wa kivuli, na kiti cha mikono. Nilishukuru.

Kisha nikatafakari. Kwa nini chumba cha chini? Nimeandika kurasa nne kuwathibitishia kwamba ghorofa ya tatu inanifaa zaidi, kwa kuwa ngazi nazo ni mazoezi, na mazoezi nimeagizwa na wataalamu. Nilimsomea bibi. Alisikiliza yote, akauliza kama huko juu kuna friza.

Akaniomba mkono ainuke. Nilimpa, naye akanishika, tukainuka pamoja, kila mmoja akidhani anamsaidia mwenziwe. Tulisimama tukitazama dirishani. Mimi ndiye niliyekaa kwanza, kwa adabu tu.

Barua nitaipeleka kesho. Kabla ya hapo nitapanda na kushuka ngazi za jirani, na hali ya hewa inasemekana itakuwa ya joto kali. Dada ametia friza kufuli.

Nimelikagua. Ni kufuli dogo.