Jibu Limo Kitabuni

Jumatatu, 4 Machi
"Lugha ya watu haimezwi kama kidonge," kasema shemeji mezani, mdomo umejaa. Upuuzi. Huyu ni mtu ambaye hata redio huwashiwa na mwanawe. Ijumaa mama wa mchumba wa binti yetu anafika kutoka Ujerumani. Jumapili familia mbili zinakutana, na mke wangu kaamua: kati yangu na kaka yake, atakayeelewana na mgeni ndiye atakayetusemea. Nimeshanunua kitabu. Kijerumani kushoto, Kiingereza kulia. Shemeji hana hata kalamu.

Jumatano, 6 Machi
Salamu nimezimaliza. "Wie geht es Ihnen?" U hali gani? Jibu: "Gut, danke." Njema, ahsante. Watu wenye adabu. Nimesalimia kabati, jiko na mke wangu. Anasema nikimsalimia tena atahamia kwa mama yake. Kurasa za majina pia nimepitia. Schneider: fundi nguo. Mgeni wetu ni Schneider. Nimemtengea suruali mbili za kupunguza.

Ijumaa, 8 Machi
Mgeni kafika, mkono shavuni. Nikamwamkia. Akajibu, "Schlecht." Mbaya! Nani hujibu salamu hivyo? Nikamwonyesha ukurasa. Akatikisa kichwa, machozi yanamlenga. Nikarudia polepole. Binti akanisihi, baba, basi. Nikamweleza mgeni, kwa Kiswahili kwa kuwa kitabu hakina maelezo hayo, kwamba hata mwenye msiba husema njema kwanza, mengine yafuate. Mara ya nne akasema "Gut", analia. Ushindi.

Kisha shemeji, bila neno, akafungua kinywa, akagusa jino lake, akaonyesha mlango. Mgeni akamfuata mbio. Wametoka kwa daktari wa meno wanacheka. Shemeji kaniuliza, "Profesa, kitabu chako kina ukurasa wa meno?" Nimetazama. Kinao. Sijaufikia.

Jumapili, 10 Machi
Kasema shemeji. Kwa Kiswahili, mkono kifuani. Mgeni kamkumbatia. Mimi nimepanga viti. Mke wangu anadai sikumsikiliza mgeni. Nilimsikiliza mara nne! Kosa ni la mgeni, hakusoma. Na suruali zangu hajazigusa.

Ninyi Wajerumani mnaofunga mizigo kuja kwetu: fungueni ukurasa wa salamu. Jibu limeandikwa. Jibuni hilo hilo.