Msprusi Hauna Kosa, Kosa ni Haraka Zenu

Hvidmose, Jutland
Jumapili ya pili ya Majilio

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kusoma barua za watu wenye hasira. Hii ni moja zaidi.

Mimi ni Evald Munkgaard, mkulima wa miti ya Krismasi. Ninalima misprusi tu, ile ile ambayo bibi zenu waliizunguka wakiimba huku wameshikana mikono. Sasa nasoma katika gazeti lako, tena ukurasa wa mbele, kwamba msprusi "hauaminiki" kwa sababu unapukutisha majani. Nimeudhika sana, Mhariri. Mti naulea miaka minane, naukinga na baridi ya Mei, nafukuza paa wasile machipukizi, halafu mwandishi wako, ambaye nina hakika hajawahi kupanda hata kitunguu, anauita msaliti! Naomba basi nafasi ya kutoa malalamiko yangu, kwa adabu na kwa mpangilio.

1. Haraka. Zamani mti ulikaa nje kwenye baridi hadi tarehe ishirini na tatu Desemba. Ndipo ukaingizwa sebuleni, mlango ukafungwa, na watoto hawakuuona mpaka mkesha wenyewe, mishumaa imeshawashwa. Siku hizi Novemba haijaisha, mti umeshaburutwa ndani, eti kuchangamsha nyumba. Ule mti umekatwa, Mhariri. Umekufa. Ni maiti gani inayokaa sebuleni wiki nne bila kubadilika sura?

2. Sakafu za joto. Mkwe wangu Kresten, mume wa binti yangu Solvej, ametandaza mabomba ya maji moto chini ya nyumba nzima ili vidole vyake vya miguu visipate taabu. Mwaka jana niliwapelekea msprusi mzuri kuliko yote shambani. Wakausimamisha juu ya hilo jiko tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mkesha ulipofika tukashikana mikono, tukaanza kuuzunguka. Katika wimbo wa pili mjukuu wangu Asta akaugusa kwa kiwiko, kidogo tu. Majani yote yakashuka kwa mpigo mmoja, shwaa! Tukabaki tunazunguka ufito uliovalishwa mipira ya rangi. Kresten akasema, "Lo, mzee! Mti wako umevua nguo mbele ya watoto!" Wakacheka wote. Hata Solvej, binti yangu wa kumzaa, alicheka mpaka akakaa chini. Niliondoka kabla ya wali wa maziwa wa mkesha, na sijakanyaga pale hadi leo.

3. Mti wa Nordmann. Wiki iliyopita Solvej alinipigia simu. "Baba, mkesha uje kwetu, ila mti tumeshanunua. Ni Nordmann. Usikasirike basi." Nisikasirike! Nordmann, kwa asiyeufahamu, ni mti usioangusha kitu na usionukia kitu. Ukifumba macho hujui kama umesimama karibu na mti au karibu na stuli. Nikamwambia kwamba mimi simshiki mtu mkono kuzunguka stuli. Akasema, "Haya, Baba. Utamla bata wako wa Krismasi peke yako." Nitamla. Hii ni Krismasi ya pili tangu mama yake, Ingrethe, atutoke, na bata nimejifunza kumchoma, upande mmoja angalau.

4. Mashine za kunyonya vumbi. Kabla hazijaja hakuna aliyelalamika kuhusu majani sakafuni. Watu walifagia wakanyamaza.

Kwa hiyo, kupitia gazeti lako tukufu, naiomba halmashauri ya wilaya ichukue hatua hizi ndogo tu. Mashine zote za kunyonya vumbi zikusanywe mwanzoni mwa Desemba na kurudishwa Januari zikiwa salama. Maji moto yakatwe wilaya nzima hadi mkesha. Wenye vidole laini wavae soksi. Polisi wapite nyumba kwa nyumba, na atakayekutwa na mti ndani kabla ya tarehe ishirini na tatu asimamishwe yeye mwenyewe juu ya sakafu yake, ndani ya ndoo, na mipira ya rangi masikioni, wiki nne. Akitoka hapo na nywele zote kichwani, nitang'oa misprusi yangu yote na kupanda Nordmann. Na ikionekana hayo ni mengi, basi Krismasi ihamishiwe Februari, kuna baridi ya uhakika. Sioni nani atadhurika.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa, wasambazaji, na hata wale wanaopasha miguu moto.

Wako asiyependa ugomvi,
Evald Munkgaard

N.B. Mhariri, nimeisoma tena barua hii, na naomba usiichapishe. Mti wangu mwenyewe uko sebuleni tangu katikati ya Novemba. Nyumba ilikuwa kimya mno, nikataka niwe na kitu cha kukaa nacho. Nikauweka karibu na jiko la kuni, maana ndipo ninapokaa. Leo asubuhi haukuwa na jani hata moja. Nilijaribu kuuzunguka hivyo hivyo, nikaimba ubeti mmoja, na mikono sikujua niiweke wapi. Kama una nafasi, chapa mstari huu tu, mahali ambapo Solvej hawezi kuukosa: Baba anakuja mkesha. Niachie nafasi kati yako na Asta. Huo Nordmann wenu nitauzunguka, na nitaimba.